Kadi Iliyoogopa Baridi

Morigol, Chitral
6 Oktoba 2002

Kwa Ustadhi Ghairat Gul,
Soko la Kompyuta, Peshawar

Assalamu alaikum, Ustadhi.

Kuanzia leo ukitaka kuniandikia usijisumbue na anwani. Andika "Wazir Panah, Milimani," barua itafika. Kutoka mlima wa Lowari hadi mpaka wa China hakuna kompyuta iliyougua ambayo haijaniamkia. Juzi nimeingia posta, mashine yao ilikuwa imegoma tangu Ramadhani iliyopita. Sikuigusa, wallahi. Niliitazama tu, ikawaka. Karani akasema eti ni umeme umerudi. Wivu huo.

Miaka mitatu nimefagia duka lako na kula makofi yako, nikabeba elimu yako yote kichwani na bado nafasi imebaki. Darasa la sita nililoachia shule lingetosha kwa mtu wa kawaida. Kwangu lilikuwa la ziada.

Sasa kazi. Hapa Morigol tuna hospitali ndogo ya wazazi, vyumba sita. Anayeiendesha ni Sista Zaibun, mkunga, mwanamke ambaye wanaume wenye bunduki wakimwona wanaficha sigara. Hospitali haina benki ya damu. Benki yetu inatembea kwa miguu. Mama akizaa akatokwa damu nyingi, wanatafuta kwenye orodha ni nani hapa jirani ana damu inayomfaa, wanamwita, analazwa kitanda cha pili, anatoa. Zamani orodha ilikuwa daftari. Nusu ya walioandikwa humo wamekufa, nusu wako Karachi wanauza chai. Mwaka huu wamepima watu upya, mia sita na kumi na mbili, na shirika moja limewapa programu ya kuwaweka kwenye kompyuta. Unaandika kundi la damu, inakupa majina, wa karibu kwanza.

Tatizo ni hiyo kompyuta. Ni ya mwaka tisini na saba, prosesa yake inatembea kama bibi harusi. Programu inachukua dakika kumi na moja kutoa orodha, na mara nyingi inaganda katikati. Sista ameniambia, "Wazir, dakika kumi na moja ni nyingi. Mwanamke anakuwa ameshaondoka." Kompyuta mpya hawana uwezo nayo.

Ndipo nikakumbuka zile kadi zako za kuongezea prosesa. Unachomoa ile ya zamani, unapachika kibao kidogo chenye prosesa mpya mgongoni, mzee anarudi ujana. Naomba moja. Mpe Qalandar, dereva wa gari letu la Peshawar. Mkewe, Bibi Shamshad, anatarajia kuzaa mwisho wa Januari. Alipozaa mtoto wa tatu alimwaga damu mpaka godoro likatupwa mtoni, na damu yake ni B hasi, haipatikani kila mlango. Qalandar ameniambia, "Hiyo kadi nitaipakata kama yai."

Usinitumie mahubiri. Tuma kadi.

Mwanafunzi wako aliyekupita,
Wazir Panah


Peshawar
15 Oktoba 2002

Wazir,

Wa alaikum salaam. Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti. Watu wanne wamecheka, wa tano ameuliza kama huko kwenu mnauza hiyo bangi kwa jumla.

Nikukumbushe kidogo, wewe uliyenipita. Ulipokuwa hapa uliunguza ubao mama wa kompyuta tatu. Ule wa tatu ulisema umejiunguza wenyewe.

Kadi hii hapa, mikononi mwa Qalandar. Ameifunga kwenye kilemba, mbele ya macho yangu. Nimeiwasha siku tatu mchana kutwa juu ya paa la duka, kwenye jua, kama tunavyozijaribu zote, maana kinachoua mashine hapa ni joto. Haikutetereka.

Kabla hujachomoa chochote, soma. Vile vibanio vidogo vya ubao mama, jampa, chora kwanza kwenye karatasi jinsi vilivyokaa. Kadi ina vyake na ubao una vyake, vikigombana utaona kioo cheusi na feni inazunguka bure. Badilisha betri ya saa, nimeweka mpya ndani ya bahasha. Betri ikifa mashine inasahau yenyewe ni nani na inaanza kubahatisha. Klipu ya feni ibonyeze kwa kidole. Usitumie bisibisi. Najua utatumia bisibisi.

Ikiwaka hujamaliza kazi. Izime jioni, iache ilale, asubuhi iwashe. Fanya hivyo asubuhi saba mfululizo. Mashine inayowaka mbele ya fundi peke yake ni mwigizaji. Na kabla theluji haijafunga njia ya Lowari, orodha yote ichapishwe kwenye karatasi, apewe Sista.

Hiyo si redio ya kinyozi, mwanangu. Mwisho wa ule waya kuna mwanamke amelala.

Ghairat Gul


Morigol
9 Novemba 2002

Ustadhi wangu,

Imewaka. Nilitaka kukuandikia neno hilo tu, nikaona utadhani nina unyenyekevu.

Siku mbili za kwanza ilinichezea, nakuambia kweli. Nimepachika kadi, nimebonyeza, feni inazunguka, kioo cheusi, hakuna hata mlio. Nikachomoa ram, vile vibao vya kumbukumbu, nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli kama ulivyonifunza. Cheusi. Nikatoa kadi ya sauti, nani anataka muziki hospitali. Cheusi. Sista akapita akasimama mlangoni, akauliza, "Imekufa?" Nikamwambia, "Inafikiri." Akasema, "Iambie ifikiri haraka, nina wajawazito kumi na tisa."

Siku ya tatu nikachukua mchoro wangu wa jampa, nikaugeuza. Kumbe niliuchora nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza. Kibanio cha volti nilikuwa nimekiweka kulia, kumbe ni kushoto. Nikakigeuza, ikalia mlio mmoja, pip, mtamu kuliko futari. Klipu ya feni nilitumia kidole. Bisibisi ilisaidia kidole.

Sasa sikiliza. Orodha ilikuwa dakika kumi na moja. Leo ni sekunde thelathini na nane. Nimepima mara ishirini kwa saa ya Sista. Bibi Shamshad alikuja kupimwa, tumbo limemtangulia, nikamwonyesha. Sista akaandika B hasi, yakatoka majina saba, akakigeuza kioo upande maana majina ni siri. Shamshad akacheka, akasema, "Bonde zima watu saba tu? Nilijua mimi si wa kawaida, mume wangu hakutaka kusadiki." Halafu Sista alipotoka akaniambia, "Wazir, mwanangu akizaliwa mzima nitamwita jina lako, ila nitaomba asirithi mdomo."

Sista alitaka kuyaandika yale saba kwenye karatasi. Nikamcheka. Majira haya watu wanashuka Peshawar na Karachi kukimbia baridi, kila wiki wahudumu wanaleta habari za aliyeondoka na aliyerudi, tunaingiza. Karatasi ya leo kesho imeshazeeka. Ndiyo maana ya kompyuta. Kwa hiyo hata yale uliyosema ya kuchapisha, niachie mimi.

Asubuhi zako saba nimezipita zote. Inachelewa kidogo kuamka, kama mimi nilipokuwa kwako.

Wazir Panah, Daktari wa Mashine


Peshawar
20 Novemba 2002

Wazir,

Inachelewa kidogo. Kidogo ni kiasi gani?

Niliisoma hiyo sentensi mara moja, nikaenda kuswali, nikairudia kichwani katikati ya rakaa, Mungu anisamehe. Kompyuta haichelewi kuamka. Inawaka au haiwaki.

Nina kadi nyingine iliyotoka kwenye boksi moja na yako. Juzi usiku niliifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaiweka kwenye friji ya nyumbani. Mke wangu akafungua kutafuta kichwa cha kondoo cha daku, akakuta prosesa imelala pembeni yake. Ameniuliza kama nimeanza kuzeeka. Asubuhi nimeitoa, nimeipachika haraka, nimewasha. Feni inazunguka. Kioo cheusi. Nikaishika mkononi nusu saa mpaka ikapata joto langu, nikawasha tena. Ikawaka kama haijafanya kosa lolote.

Shida iko kwenye zile kapasita, vile vipipa vidogo pembeni ya kadi vinavyotuliza umeme kabla haujafika kwenye prosesa. Kwenye baridi vinakuwa wazembe, na prosesa ikiamka inakuta chakula hakijaiva. Miaka kumi na minane nimeliogopa joto. Baridi sikuwahi hata kuiuliza. Kosa ni langu, nimekutumia kadi ya Peshawar uipeleke barafuni.

Kwa hiyo itoe. Rudisha prosesa ya zamani, jampa zirudi zilivyokuwa. Dakika kumi na moja zinazokuja ni bora kuliko sekunde thelathini na nane zisizokuja. Nitatafuta kadi ya aina nyingine mpaka masika. Na ile orodha ichapishwe wiki hii, hata kwa mkono, hata mtoto wa shule akae aiandike.

Usinijibu kwa utani.

Ghairat Gul


Morigol
8 Desemba 2002

Ustadhi,

Idi mubarak kwako na kwa mama, na mwambie kuhusu kile kichwa cha kondoo naomba msamaha kwa niaba ya kadi.

Haya, sijibu kwa utani. Kidogo ilikuwa robo saa. Siku hizi ni nusu saa, maana mto umeanza kuweka barafu kingoni. Asubuhi naibonyeza, inazunguka feni tu. Ikishaota joto la chumba inaamka na haisumbui tena mchana wote.

Lakini kuitoa siwezi. Acha nikueleze. Siku ya Idi alikuja bwana mkubwa mmoja kutoka mjini Chitral, amekuja kuiona mashine. Wazee wote walikuwepo, na watoto juu ya ukuta. Nikaandika O chanya, sekunde thelathini na nane, majina mia mbili. Bwana mkubwa akanivisha shada la karatasi za dhahabu, akasema vijana kama huyu ndio unaowahitaji mlima. Baba yangu alikuwa pale, Ustadhi. Yule mzee ambaye tangu nizaliwe hajaniita ila "we" alimwambia jirani, "Ni wangu huyo." Sasa kesho yake niwaambie wasubiri dakika kumi na moja? Na hiyo programu kwa prosesa ya zamani ilikuwa inaganda, unajua mwenyewe.

Nimepata dawa yangu. Nimefungua ubavu wa boksi, nimening'iniza balbu ya wati mia ndani, karibu na kadi. Inakaa inawaka saa zote. Na mashine nimemwambia Sista isizimwe kamwe. Haizimwi, haipoi, haina cha kuamka. Umeme wetu tunautoa kwenye kinu kinachozungushwa na maji ya mfereji, hautozwi, wala haukatikikatiki kama wenu. Nani mwingine angefikiria kuikalisha kompyuta kama vifaranga?

Kuchapisha nitachapisha. Utepe wa printa umekauka, nimemwagiza Qalandar. Anashuka kesho, safari ya mwisho ya gari, baada ya hapo Lowari inafungwa. Barua zitakuja kwa ndege, na ndege ya huku inaruka ikijisikia.

Usinune.

Wazir


Peshawar
14 Desemba 2002

Wazir,

Sijanuna, naogopa. Balbu inakula umeme uleule. Mfereji ukiganda, kinu kinasimama, balbu inazima, kadi inapoa, yote kwa pamoja. Umejenga dawa inayokufa siku ileile mgonjwa anapougua.

Qalandar nimempa utepe. Naye gari lake amelazimika kuliacha Dir, chini ya mlima, theluji imewahi, ameniambia anavuka Lowari kwa miguu na wabeba mizigo kwa sababu ya mkewe. Sijui kama utepe ataukumbuka. Kwa hiyo usiusubiri. Chukua kalamu, ketini wewe na Sista, andikeni. Mia sita na kumi na mbili si wengi. Kama mwandiko wako bado ni ule wa kuku, mwache yeye aandike, wewe usome.

Barua hii naipeleka uwanja wa ndege mwenyewe.

Ghairat Gul


Hospitali ya Wazazi, Morigol
2 Februari 2003

Kwa Ndugu Ghairat Gul,

Assalamu alaikum. Hunifahamu. Mimi ni Zaibun, mkunga. Barua yako ya tarehe 14 Desemba imefika leo, na ndege ya kwanza kutua tangu mwaka uanze. Wazir hakutaka kuifungua. Ameiweka mezani kwangu akaondoka. Nimeifungua mimi, unisamehe. Jina lako na kazi yako nilikuwa nikivisikia kila siku.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Januari mfereji uliganda na umeme ukakatika. Alfajiri Qalandar alimleta mkewe, Shamshad, wamembeba kitandani watu wanne. Uchungu ulikuwa umemjia mapema, wiki tatu kabla. Mtoto alizaliwa saa moja na robo asubuhi, wa kike, mzima. Kondo halikutoka vizuri. Saa moja na nusu nilijua kuwa natafuta damu.

Nilimtuma Qalandar akimbie kwa Wazir ili mashine itoe majina, maana orodha ya karatasi ilikuwa bado haijaandikwa. Jenereta yetu ndogo tuliiwasha. Mimi mwenyewe nilikumbuka majina mawili katika yale saba ya Novemba, nikamtuma mfagizi. Mmoja alikuwa ameshuka Peshawar. Mwingine yuko kijiji cha juu na njia imefukiwa. Baada ya hapo sikuweza kumwacha Shamshad. Mkono wangu mmoja ulikuwa tumboni kwake muda wote, ukibana. Alikuwa anaongea. Aliniuliza kama mtoto ana mdomo mkubwa. Sikuelewa anachokusudia.

Majina yalikuja saa tatu na dakika kumi. Mtu wa damu alikuja dakika chache baadaye. Shamshad alikuwa amefariki saa tatu kasorobo.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni yangu. Nilitaka kuyaandika yale majina na nikakubali kuchekwa na kijana wa miaka ishirini. Hilo nimelibeba, halikuhusu. Ya pili ni kwamba natakiwa kupeleka ripoti, na sijui niandike nini. Wazir anasema kadi iliganda na hakuna fundi duniani ambaye angeiwasha mapema zaidi ya pale. Ni kweli? Nataka kujua kama kuna kilichoweza kufanywa kati ya saa moja na nusu na saa tatu.

Kijana hali chakula sawasawa. Hatoki. Qalandar anakwenda kumwona kila Ijumaa, ajabu ya Mungu, yeye ndiye anayemfariji. Mtoto ananyonyeshwa na jirani.

Zaibun


Peshawar
12 Februari 2003

Wazir, mwanangu,

Sista Zaibun ameniandikia. Nimeisoma barua yake nikiwa nimefunga mlango wa duka.

Sitakupiga makofi ya mbali. Kadi niliichagua mimi. Niliijaribu kwa jua nikaituma kwenye theluji. Nilipojua, niliandika, na niliridhika kuwa nimeandika. Ningeweza kupanda gari kabla Lowari haijafungwa nikaja kuichomoa kwa mikono yangu. Duka lilikuwa na wateja, nikaona barua inatosha.

Sista ameniuliza kama kuna fundi ambaye angeiwasha mapema. Jibu la kweli ni hapana. Kadi ile ikishapoa namna hiyo inataka joto, na joto linataka muda wake. Nitamwandikia hivyo, na nitamwandikia kuwa kosa ni la kadi na la aliyeituma.

Lakini nakujua. Umekaa kwangu miaka mitatu. Ukiunguza kitu huwa unaongea sana, na safari hii unanyamaza. Kuna saa moja na dakika arobaini ndani ya kile chumba, ambazo Sista hakuziona. Alikuwemo Qalandar na ulikuwemo wewe. Nieleze mlifanya nini. Sitamwandikia Sista mpaka nipate jibu lako.

Ghairat Gul


Morigol
23 Februari 2003

Ustadhi,

Nimeianza barua hii mara nne. Za kwanza zilikuwa na utani, nimezichoma.

Qalandar aligonga kwetu jua likiwa limegusa vilele tu. Alikuwa na damu kwenye mikono ya kanzu. Hakupiga kelele, alisema, "Wazir, njoo na mashine yako." Tulikimbia. Chumba cha kompyuta kilikuwa baridi mpaka maji ya kwenye glasi yameganda. Balbu imezima. Jenereta ikapigwa, nikabonyeza. Feni ikazunguka. Kioo cheusi.

Niliposikia ile feni peke yake, nilijua. Nakuapia, sikuhitaji kubonyeza mara ya pili. Usiku kucha wa baridi ile, haikuwa nusu saa tena. Ningekuwa nimeulizwa na wewe dukani ningekujibu palepale, saa moja na zaidi.

Qalandar alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi. Akasema, "Nikimbie msikitini? Imamu atangaze kwa kipaza sauti, wana betri ya gari. Watu walishapimwa, kila mtu anaijua damu yake." Msikiti ni pale, unavuka uwanja. Kipaza sauti kinasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Nikamwambia, "Ngoja. Dakika tano."

Nikaleta karai la makaa kutoka jikoni, nikaliweka chini ya kadi. Nikabonyeza. Cheusi. Akaniuliza tena, kwa adabu, kama anaomba ruhusa kwa mwalimu. Nikamwambia, "Ukitangaza watakuja watu hamsini wenye damu isiyofaa, wamkanyage Sista mlangoni. Mashine itatupa wale wenyewe. Dakika tano tu, kaka." Mara ya tatu hakuuliza. Alichuchumaa akanishikia lile karai, akawa anayapuliza makaa ili yasizime. Mkewe yuko chumba cha tatu, naye ananipulizia makaa. Macho yanamtoka machozi kwa moshi, na kila nikibonyeza ananitazama usoni, si kwenye kioo. Nami kila akinitazama nilimpa uso wa fundi.

Ilipoamka ilitoa orodha kwa sekunde thelathini na nane. Majina matatu yaliyobaki bondeni. La kwanza ni la mzee mmoja mshona viatu, nyumba yake imeegemea ukuta wa hospitali. Tulimwita kwa kupaza sauti juu ya ukuta, akaja na kipande cha mkate mdomoni. Alikuwa nyumbani asubuhi yote. Kipaza sauti kingemtoa kitandani.

Sista alikuwa ameshatoka mlangoni, amekaa kwenye ngazi, hajanawa mikono.

Sasa Qalandar anakuja kila Ijumaa. Analeta mikate aliyooka dada yake na aprikoti kavu. Anawaambia watu njiani, "Huyu kijana alipigana na ile mashine kwa ajili yangu mpaka akaungua vidole." Vidole vimeungua kweli. Nakula mikate yake. Wiki iliyopita alimleta mtoto nimpakate, nikamwambia nina mafua.

Kuhusu kadi mwandikie Sista unavyotaka. Kapasita ni kweli, baridi ni kweli, mfereji uliganda ni kweli, yote hayo nimeyasema nikajificha ndani yake, na sijaulizwa zaidi. Lakini Sista ameuliza kama kuna kilichoweza kufanywa, na kilikuwepo, na Qalandar alikitaja kwa mdomo wake mara mbili.

Sikumzuia kwa sababu ya watu hamsini. Hilo nililitunga pale pale. Nilimzuia kwa sababu imamu angetangaza, na bonde zima, na baba yangu akiwa kitandani, wangesikia asubuhi ile kwamba mashine ya Wazir Panah imegoma.

Wazir